Laki nane na sabini nilizolipa kujifunza kuandika wimbo

Naandika hii saa tano usiku na kesho alfajiri natakiwa mwaloni, kwa hiyo mtanisamehe nikirukaruka. Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Kirumba kaniletea daftari limejaa mashairi, anataka nimpeleke studio. Nikamwambia haya niimbie moja hapahapa, akanijibu "bro mpaka nipate biti ndo naweza kuimba". Daah. Nilijiona mimi kabisa wa mwaka 2022, na hela zangu zote nikazikumbuka.

Kwa wasionijua, mi ni karani pale mwalo wa Kirumba, soko la samaki la ufukweni, kazi yangu kuhesabu magunia ya dagaa yakishuka na yakipanda malori, mengine yanaenda mpaka Kongo. Muziki nimeupenda toka shule, na ukikulia Mwanza kuna kakiburi fulani lazima ukapate, huu ndo mji uliomtoa rapa Fid Q, kila kijana mwenye kalamu anajiona ndo anafuata. Na mimi nilijiona nafuata.

Nikakusanya hela miezi saba. Niwape mchanganuo kabisa maana watu wanafichaga hapa: biti 150,000, sesheni tatu za studio kila moja 60,000, miksi na masta 120,000, video 400,000, jamaa wa kava 20,000. Piga hesabu, 870,000. Video tulipiga Capri Point na gari la kuazima, mi nimevaa koti la baridi jua la saa saba linawaka, jasho mpaka leo ukiangalia unaliona. Wimbo wenyewe wa mapenzi, yule dada nilimwita malkia mara 14, nimekuja kuhesabu baadae. Baada ya mwezi mzima YouTube inasoma watu 312, na mia nzima nina uhakika ni mimi na dada yangu.

Sasa hiyo ya namba unaweza kujidanganya, unasema promo hamna, mitandao ina mambo yake. Kilichonimaliza ni kipaimara cha mtoto wa jirani, Igoma. DJ akanipa nafasi, nikaanza, watu wakasogea kwa adabu ile ya Kisukuma, wametulia wananiangalia. Nimefika kwenye korasi nikawanyooshea maiki si unajua wasanii wanavyofanya. Kimya. Mtoto mmoja tu ndo alikuwa anacheka. Nikairudisha maiki mdomoni, mstari wenyewe nimeshausahau, na MC kwa huruma yake nadhani akadaka "jamani makofi kwa msanii wetu", wakati ubeti wa pili hata sijaugusa. Wali wa siku ile sikula.

Wiki kama mbili zikapita. Nipo mwaloni na kitabu changu nikasikia akina mama wanaochambua dagaa wanaimba kitu nakijua. Nikasogea. Wanaimba wimbo wangu! Kumbe kuna kijana wa mizigo alikuwa nao kwenye simu anaupigapiga kunitania. Ila wanaimba mstari mmoja tu, wanaurudia na kuurudia, na wala sio wa korasi. Ni wa katikati ya ubeti wa pili, ule niliouandika dakika ya mwisho ndani ya studio sababu prodyuza alisema pamebaki pengo: "mwezi ukijaa mfuko unapwaya". Malkia wangu wa mara 14 hakuna aliyemjua.

Kwa walio mbali na ziwa niseme kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, ule mwanga ndo unawakusanya. Mwezi ukiwa mpevu taa zinakosa nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi wanapumzika, mwaloni panapoa, na mama ntilie anakukopesha ila kwa kununa. Nchi nzima inaimba mwezi kama kitu cha mahaba, sisi huku mwezi ukijaa ni njaa. Mi mwenyewe nililijua hilo toka mtoto na sikuwahi kuliona kama kitu cha kuimba. Nilikuwa bize na malkia.

Ndo nikampelekea wimbo mzee mmoja Mabatini, alipiga gitaa kwenye bendi za dansi miaka hiyo, sasa hivi anatengeneza redio na feni. Shikamoo mzee. "Marahaba ng'wanawane (mwanangu), kaa." Akausikiliza wote mpaka mwisho mkono upo kwenye chuma cha kuchomea nyaya, halafu akaniuliza: huu wimbo unasema nini? Nikaanza kueleza, kuna jamaa anampenda dada, halafu wanakutana, halafu kuna maisha magumu, halafu... Akanikata. "Mi nimeuliza unasema nini, we unanihesabia vilivyomo." Akaniambia nenda, rudi ukiwa na sentensi moja. Sentensi, sio mada. Mapenzi ni mada, umaskini ni mada, mada haiimbiki.

Ilinichukua siku nne, msicheke. Sentensi niliyorudi nayo ilikuwa hii: siku za mwezi sina hela, usiniache, subiri giza lirudi. Mzee akatabasamu akasema sasa una wimbo, na mimi nilikuwa sina hata mstari mmoja. Nilimuelewa baadae. Ile "subiri giza" ilikuwa imegeuza kila kitu kichwa chini, giza ndo neema na mwanga ndo shida, na ukishakuwa na kitu cha namna hiyo kila mstari unajua uende wapi, ambao hauendi huko unautupa hata kama mtamu. Nilitupa mitamu mingi.

Tukarudi kwenye ule wa zamani tukaupasua kama samaki. Alinifundisha kuhesabu ba, kitu ambacho sesheni tatu nzima studio hakuna aliyenifundisha. Biti yangu ilikuwa tempo 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, na ba moja ina mapigo 4, kwa hiyo ba moja ni sekunde mbili na nusu. Chukua simu weka saa uhesabu mwenyewe. Intro yangu ilikuwa ba 16, sekunde 40 watu wanasikiliza kinanda na mimi nasema "yeah, Mwanza, yeah". Ubeti ba 16, sekunde 40 nyingine. Halafu kuna ile sehemu ya kupandia korasi, ba 8, sekunde 20. Yaani korasi inaingia dakika 1 na sekunde 40, nani anakusubiri muda wote huo? Pale Igoma watu walikuwa wameshachoka kabla sijawapa cha kushika.

Wimbo wa pili tulichora kwenye boksi la feni: intro ba 4, ubeti 8, korasi 8, ubeti 8, korasi 8, briji 8, korasi mara mbili, kumalizia ba 4. Ba 64, dakika 2 na sekunde 40 basi. Korasi ya kwanza inaingia kwenye sekunde ya 30. Sisemi hii ndo sheria ya Musa, hiphop mtu anatema ba 16 na raha yake ndo hiyohiyo, na mzee alinisimulia nyimbo zao za dansi zilikuwa na nusu ya kwanza ya taratibu ya kusikiliza maneno, halafu inakuja chemko, gitaa linazunguka watu wanacheza mpaka wachoke. Kila muziki na umbo lake. Ila ujue umbo lako kabla hujalipia sesheni, maana saa ya studio haisubiri ukifikiria.

Na mgawanyo wa kazi. Hii nilikuwa sijui kabisa. Ubeti unasimulia, unaleta mambo mapya, wa pili usiseme alichosema wa kwanza. Korasi inarudi na maneno yaleyale, ila kila ikirudi iwe imeongezeka uzito kwa sababu ya kilichosimuliwa katikati. Briji inageuza shingo, mtu aliyekuwa anaongea anasema kitu ambacho hakuwa tayari kukisema mwanzo. Kwenye wimbo wangu wa kwanza ungeweza kubadilisha ubeti wa pili na wa kwanza hakuna ambaye angegundua, hata mimi.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nakililia zaidi, mkazo. Kiswahili chetu karibu kila neno linakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, unasema kaLAmu, daFTAri, hujafundishwa ila unafanya. Ukiimba, lile dufu zito la biti nalo linakaza. Hivi viwili vikigombana msikilizaji hajui tatizo ni nini ila hashiki neno. Korasi yangu ilikuwa na "barabara ya mapenzi". Na mnajua Kiswahili kina barabara mbili: baraBAra ni ya kupita magari, baRAbara ni sawasawa, kisawasawa. Melodi yangu ilikuwa inaangukia kwa nguvu kwenye ile RA ya kwanza. Kwa hiyo mwaka mzima nimeimba "sawasawa ya mapenzi" na prodyuza kachukua hela, na mi nimeharibu kipaimara cha watu. Mzee alicheka mpaka akaweka chuma chake chini.

Dawa yake ni rahisi na ni bure. Soma mstari wako kama unamwambia konda kwenye daladala, bila kuimba, huku unapiga makofi pale sauti inapokaza yenyewe. Hayo makofi ndo mdundo wa mstari. Halafu washa biti uone kama makofi yanakaa juu ya dufu. Yasipokaa badilisha maneno au badilisha melodi, usilazimishe mdomo. Na uwe makini ukiongeza kitu kwenye neno, mkazo unahama: PEnda ukifanya penDAna umeshasogea, ukifanya pendaNEni umesogea tena. Ndo maana unaweza kuwa na ubeti wa kwanza unaokaa vizuri, ukaandika wa pili kwa melodi ileile ukasikia unachechemea na hujui kwa nini.

Vina. Shuleni tulifundishwa shairi, mistari minne, mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Niliingia studio nimebeba hiyo nikijua vina ndo wimbo. Shida ni kwamba Kiswahili vina ni bwerere, karibu kila neno linaishia na irabu na vitenzi vyetu vingi vinaishia na a, napenda naenda natenda nashinda, mtoto wa darasa la tatu anakujazia ukurasa. Kwa sababu ni rahisi hivyo kina kinakuburuza. Mi nilikuwa na neno "chupa" kwenye wimbo wa mapenzi, chupa ya nini sijui, mstari wa juu yake uliishia na "tupa" basi. Siku hizi naanza na mstari ninaotaka watu waondoke nao, huo naukamilisha kwanza, halafu ndo nautafutia mwenzake wa kutangulia juu yake. Msikilizaji anasikia kama kina kimekuja chenyewe kumbe umepanga kutokea nyuma.

Kuhusu kodi, hizi za gitaa, noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, sio za TRA, sitakaa sana maana ndo nilichokiogopa zaidi na kikawa chepesi zaidi. Wimbo wangu una C, F na G, kwenye briji tunaanzia Am ili pabadilike hali ya hewa. Nyimbo chungu nzima duniani zinazunguka hapohapo na hakuna wa kukushitaki. Kilichonisaidia zaidi ni kii, yaani ile sauti ya msingi wimbo unapokaa. Ule wa kwanza nilinunua biti imeshapikwa na kii yake, korasi ikinitaka nipande mpaka napasuka sauti, prodyuza akafunika kwa otoyuni, ile programu ya kunyoosha sauti, nikajua ndo mambo ya kisasa. Mzee alinishika kwenye gitaa akaniimbisha sehemu ya juu kabisa ya korasi, akashusha nusu sauti, akashusha tena, akashusha tena, mara ya tatu akasema hapo ndo nyumbani kwako. Kumbe unatafuta kii ya koo lako kwanza halafu ndo biti inatengenezwa juu yake. Akanionyesha pia ubeti wangu na korasi vilikuwa vinatembea kwenye urefu uleule wa sauti, kama mtu anayetembea barabara ya Makongoro bila kilima, kwa hiyo sikio halijui kama limefika. Ubeti ukae chini, korasi ipande. Na ile noti ya juu kabisa iweke kwenye neno lenye irabu ya kufungua mdomo. "Jaa" unaweza kulivuta unavyotaka, jaribu kuvuta "kitu" huko juu uone unavyofanana na mbuzi.

Mwezi wa sita ule nikaenda Bujora, Kisesa pale, kwenye Bulabo, lile tamasha la ngoma la Wasukuma. Nimeenda mara nyingi nikiwa mtoto kwa ajili ya nyoka na fisi wanaochezwa nao, safari hii nilienda kama mwanafunzi. Kwa wasiojua, makundi mawili ya ngoma, Wagika na Wagalu, yanashindana kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ningi wake anayetunga na kuongoza, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Fikiria huo mtihani, hakuna jaji wa kumhonga, watu wenyewe miguu yao ndo kura. Nilisimama upande mmoja najua kabisa natakiwa kuangalia ufundi, baada ya dakika kadhaa nikashtuka nimeshahamia upande wa pili. Nikajiuliza nimehamishwa na nini. Kule nilikotoka ningi alikuwa na maneno mengi mazuri, nasikiliza. Huku nilikohamia alirusha mstari mfupi kundi likaitikia maneno manne, akarusha mwingine wakaitikia yaleyale manne, mara ya tatu na mimi naitikia na bibi mmoja pembeni yangu ananigonga kiwiko ananicheka. Walinipa kazi ya kufanya. Korasi yangu ya Igoma haikumpa mtu kazi yoyote, ilikuwa mistari minane ya kunisikiliza mimi.

Nikaandika upya. Nyingi niliandikia kwenye kivuko cha Busisi nikipeleka hesabu za mizigo Sengerema, foleni ya magari, upepo, watu wanauza mayai, nilikuwa na muda wa kutosha. Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa mwezi wa sita 2025 nilifurahi kama mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa ila kama mwandishi nimefukuzwa ofisini, zile kilomita tatu unazimaliza mstari haujakaa hata vizuri. Anyway.

Ubeti wa zamani ulisema "wewe ni ua, wewe ni nyota, bila wewe mimi maisha yamegota". Ua gani? Nyota gani? Mzee aliniambia taja vitu ambavyo ningeviona kama ningekuwepo. Nikaandika:

Nyavu zimekunjwa, mtumbwi mchangani
Maandazi yanapita, nanyamaza ndani

Hiyo ya maandazi ni kweli kabisa, dada wa maandazi anapita asubuhi anaita na we upo ndani macho unayo, huna mia mbili, unajifanya umelala. Sikusema popote kwamba nimeishiwa. Nilipomuimbia dada yangu hapo ndo alisema "aah, hii ni ile mwezi wa pili eeh", akaipatia mpaka tarehe.

Halafu korasi. Nilikuwa na "mwezi ukijaa, mfuko unapwaya, nisubiri giza, taa itawaka". Nikaipeleka kwa wale akina mama wanaochambua dagaa kabla ya kuipeleka kwa mtu yeyote, hamna biti, hamna gitaa, napiga sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, kwa chini. Niliimba mara tatu nikanyamaza nikaendelea na kuhesabu magunia, hiyo ndo njia yangu ya kupima mpaka leo, unaimba unaondoka, halafu unasubiri usikie kitakachobaki. Nusu saa baadae wameanza wenyewe. Ila nasikia kuna kitu kimebadilika. Mama mmoja, huyu tunamuitaga Mama Kulwa, haimbi "mfuko unapwaya", anaimba "mfuko wapwaya", na wenzake wanamfuata. Nikaenda kumrekebisha, mama sio hivyo ni unapwaya. Akaniangalia akasema "hiyo yako inajikwaa".

Nikahesabu kwa vidole. Mwe-zi-u-ki-ja-a, sita. M-fu-ko-u-na-pwa-ya, saba. Ni-su-bi-ri-gi-za, sita. Ta-a-i-ta-wa-ka, sita. Kati ya vipande vinne kimoja kilikuwa na silabi ya ziada, nimekaa nacho wiki tatu nakipigia gitaa sikukisikia, mama yupo na dagaa mkononi kakisikia na kukikata bila kuacha kuchambua. M-fu-ko-wa-pwa-ya. Sita.

Kurekodi ilikuwa fupi kuliko kusimulia. Sesheni moja 60,000, tulimaliza kwa masaa mawili sababu wimbo ulikuwa unaimbika hata umeme ukikatika, na ulikatika kweli. Miksi 100,000. Video hamna. Mzee nilimlipa dagaa sado nne, alikataa hela. Redio moja ya hapa wameupiga asubuhi mara mbili, sio zaidi, siwezi kuwadanganya kwamba nimetoboa, bado naamka alfajiri kuhesabu magunia.

Kitu cha karatasi sasa, hiki msikipite. Ile biti ya 150,000 nilikuja kuisikia kwenye wimbo wa jamaa mwingine kabisa, mkoa mwingine, ileile hata kinanda hakijabadilishwa. Nikapiga simu, naambiwa "we ulinunua kutumia, hukununua iwe yako". Na kweli sikuuliza, sikuandikishana, nilitoa hela nikapewa flashi. Kwa hiyo uliza mapema, biti ni yangu peke yangu au inauzwa kwa wengine, na iandikwe. Safari hii kabla hatujawasha kompyuta tulikaa mimi, prodyuza na mzee tukaandika nani kaleta nini: maneno, melodi, biti, kodi. Mi 60, prodyuza 30, mzee 10. Prodyuza alianza na nusu kwa nusu, tukaongea kistaarabu nikamuonyesha daftari lina tarehe, akaelewa. Kisheria, ile sheria ya hakimiliki ya 1999, wimbo ni wako toka ulipoutunga, kuandikisha COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi siku mkigombana. Ila wazo tupu halilindwi, ukimsimulia mtu "nina wazo la wimbo wa mwezi na dagaa" akautunga wa kwake umeumia. Ndo maana daftari langu lina tarehe kila ukurasa na sauti najirekodi kwenye simu hata kama nimeimba vibaya.

Ila hii ya asilimia ilinirudi. Siku nimewapigia akina mama wimbo uliokamilika kwenye spika ya simu, wakasikiliza kazi imesimama, dagaa hawaguswi. Imefika kwenye korasi wakaitikia wote, "mfuko wapwaya". Imeisha, Mama Kulwa kafuta mikono kwenye kanga akaniuliza: "Eti mwanangu, nasikia mmegawana kwa karatasi?"

Ndio mama.

"Na hiyo wapwaya ni ya nani?"

Wenzake wakapiga vigelegele, nikacheka nikajua ni utani. Haukuwa utani. Kesho yake kaniuliza tena, na kesho kutwa. Nikarudi kwa prodyuza tukachapa upya karatasi, mimi 58, prodyuza 30, mzee 10, Mama Kulwa 2. Kaweka dole gumba maana kalamu alisema mikono ina mafuta ya dagaa, halafu akaniuliza kama hiyo mbili inaweza kulipwa siku za mbalamwezi.